Kufuata Mkondo wa Maji



Mwanafunzi mmoja wa sekondari wa hapa Lubumbashi ametuletea swali juma hili. Aandika kwamba mjomba wake ni dereva wa lori, na kazi yake humpitisha mara kwa mara mpakani Kasumbalesa, mahali ambapo Kifaransa na Kiswahili chetu hukutana na Kiingereza cha Zambia. Huko mjomba amejiokotea msemo mmoja wa Kiingereza, naye sasa autumia kwa kila jambo. Lori likikaa siku tatu katika foleni ya forodha, ausema. Mshahara ukichelewa, ausema. Mtoto wake akirudi nyumbani na alama mbaya, ausema vilevile. Msemo wenyewe ni "go with the flow". Mwanafunzi wetu auliza: "Mwalimu, maneno hayo maana yake nini? Na je, ni shauri jema au baya?"

Swali la kwanza ni jepesi. Maana yake ni "nenda pamoja na mkondo". Ni mfano wa mtu aliyeanguka mtoni. Anayepigana na maji kwa mikono na miguu huchoka upesi, akazama. Anayetulia na kuyaacha maji yamchukue, huenda akafika ukingoni akiwa mzima, ijapokuwa si pale alipotaka. Basi, wenye lugha ile humwambia hivyo mtu aliyekunja uso: tulia, usishindane na usiyoyaweza, geuka kadiri mambo yanavyogeuka.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Wazee wa Kiswahili nao hawakulijibu kwa neno moja. Walisema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu," nao walikuwa wakimfundisha mtu kuishi kwa akili. Lakini wazee hao hao, walipomwona mtu anayegeuka kila saa, walitikisa kichwa wakasema, "Bendera hufuata upepo," wala hawakuwa wakimsifu. Je, walijipinga wenyewe? La hasha. Walijua ya kuwa jambo moja laweza kuwa na sura mbili. Tuzitazame zote mbili, na tuzitazame hapa kwetu, maana mji huu una ushuhuda wa kutosha.

*

Tuanze na sura iliyo njema.

Mji wetu haukuzaliwa na watu wa kabila moja. Ulianzishwa mwaka 1910, reli iliyotoka kusini ilipofika, ukaitwa Elisabethville. Mwaka 1911 tanuru likaanza kuyeyusha shaba. Kazi ilihitaji watu, na watu wakaletwa: kwanza wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha wengine kutoka Kasai, Lomami, hata Rwanda na Burundi. Mtu aliamka asubuhi kambini, ukuta wa kushoto akasikia Kibemba, ukuta wa kulia Kiluba, na mbele ya mlango msimamizi akipiga kelele kwa Kifaransa. Kama kila mtu angaling'ang'ania lugha ya kwao tu, kazi isingalikwenda, na jirani asingaliweza hata kuomba kaa la moto. Wakakishika Kiswahili, lugha iliyotoka mashariki, ambayo kwa wengi wao haikuwa lugha ya mama. Wakaitia maneno ya Kibemba, ya Kiluba na ya Kifaransa, hata mgeni wa Dar es Salaam akimsikia mtu wa Katuba akizungumza na mwenziwe hutega sikio mara mbili. Hawakuacha kuwa Wabemba wala Waluba. Walikubali kuwa pia watu wa mji.

Tazameni tena. Mwaka 1966 mji wenyewe uliacha jina la Elisabethville, ukaitwa Lubumbashi kwa jina la mto wake. Jimbo lilikuwa Katanga, likawa Shaba, mwaka 1997 likawa Katanga tena, na mwaka 2015 likagawanywa, nasi tukawa watu wa Haut-Katanga. Faranga iliondoka mwaka 1967 ikaja zaire. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya. Mwaka 1998 ikarudi faranga. Mama wa sokoni aliyezaliwa kabla ya mwaka 1960 amenunua chumvi kwa fedha hizo zote, wala hesabu yake haikupotea. Huo ndio wepesi wa roho tunaousifu. Asiye nao asingaliweza kuishi miaka mingi katika nchi hii.

Lakini jambo lililotufundisha zaidi ni habari ya Kampuni.

Wazee wanaikumbuka Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Tangu miaka ya 1920 ilianza kutaka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto wake. Ikampa nyumba, hospitali, shule na posho ya unga. Mwaka 1967 Serikali iliitwaa mali yake, na baadaye Kampuni ikaitwa Gécamines, lakini desturi iliendelea. Mwanamume alileta kila kitu kutoka kwa Kampuni. Mwanamke alitunza nyumba. Watu walisema kwamba Kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na nani angalifikiri kwamba mama huyo angekauka maziwa?

Akakauka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 ukafuata uporaji katika miji. Mitambo ilikuwa imechakaa, fedha zilikuwa zimeliwa. Mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika hata tani 40,000. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha miezi mingi, posho ikakatika. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini, kila mmoja akapewa kiasi cha fedha kwa mara moja. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu juu ya familia hizo, kikatolewa mwaka 2001, akakiita kwa jina lenye maana ya "Wana wa Shaba walioachwa na baba yao". Jina hilo latosha kueleza mambo mengi.

Sasa fikirini nyumba moja katika kambi, mojawapo ya nyumba elfu. Unga umekwisha. Mke amesema ya kwamba ataweka makala na mboga mbele ya ua auze.

"Mama," asema mume, "mimi ni mtu wa Kampuni miaka ishirini na miwili. Mke wangu hatakaa barabarani na makala. Watu watasema nini?"

"Baba," ajibu mke kwa sauti ya chini, "watu watasema tunakula."

Katika nyumba nyingi za namna hiyo mama ndiye aliyeufahamu mkondo kwanza. Alikwenda kulima bondeni lengalenga na matembele wakati wa kiangazi, na mvua zilipokuja akapanda mahindi nje ya mji. Alikaanga maandazi alfajiri, akampa mtoto mkubwa sinia kabla ya shule. Mume mwenye akili, baada ya kukasirika juma moja au mawili, alichukua ufundi wake wa Kampuni akaanza kutengeneza baiskeli na pampu za watu. Lakini wako waliokaa kitini mbele ya nyumba, nguo imepigwa pasi, wakingoja Kampuni iite. Wengine walingoja mpaka kifo kikawaita. Hatuwacheki, maana walifundishwa tangu utoto kungoja, na somo la miaka sabini halisahauliki kwa siku moja. Lakini tuseme kweli: kisichokunjika huvunjika. Wazee walisema, "Samaki mkunje angali mbichi," nasi twaweza kuongeza kwamba samaki aliyekauka hakunjiki; ukimlazimisha, utabaki na vipande viwili.

Hata hivyo, yako mambo ambayo wafanyakazi wale hawakuyakunja, nao walifanya vema. Wengi waliungana, wakaendelea kudai kwa njia ya sheria malipo ambayo waliamini wamenyimwa. Walilima ili watoto wale leo. Waliandika barua za madai ili haki isizikwe kesho. Jembe lilikuwa katika mkono huu, na barua katika mkono ule. Shikeni vema mfano huo.

*

Tuje kwenye sura ya pili.

Nchi yetu ina msemo wake ulio ndugu wa msemo ule wa Kiingereza. Ni "Kifungu cha 15". Hakimu hatakionyesha katika kitabu cha sheria. Watu husimulia kwamba kilianza Kasai baada ya uhuru wa mwaka 1960, wakimbizi walipofika kwao mikono mitupu, wakaambiwa: mko nyumbani, jitafutieni wenyewe. Tangu hapo kila Mkongomani akijua. Mshahara haupo? Kifungu cha 15. Basi halipo? Kifungu cha 15. Umeme umekatika? Washa mbabula, ndicho Kifungu cha 15.

Mpaka hapo hapana ubaya. Kujitafutia ni kazi ya mikono na akili. Lakini maji yale yale yakashuka taratibu mpaka mahali pachafu. Askari wa barabarani husimamisha gari asilolidai kitu, akaomba "maharagwe ya watoto". Karani huficha karatasi yako mpaka umfungulie mkono. Mwalimu, naye ni mwenzangu wa kazi, huuza alama, na mwanafunzi hununua. Ukiwauliza, wote hujibu kwa upole kabisa, bila haya wala hasira: "Mambo ndiyo yalivyo. Tufanyeje? Twafuata." Hakuna aliyesema, "Leo nimeamua kuwa mwizi." Kila mmoja alilegeza kidogo, halafu kidogo tena. Hivyo ndivyo mkondo unavyomchukua mtu: hausukumi kwa nguvu pale mwanzo.

Basi, tutapambanuaje? Kumbukeni jinsi nyumba ya udongo inavyojengwa kijijini. Kwanza husimamishwa nguzo, na shimo la nguzo huchimbwa kwa kina. Kisha hufungwa fito. Fito sharti zikunjike. Ukitumia miti isiyopinda, ukuta hautafumika. Lakini mjenzi atakayesimamisha fito mahali pa nguzo, nyumba yake italala chini kwa mvua ya kwanza. Nyumba yahitaji vyote viwili, na hekima ni kujua kipi ni kipi.

Chakula tulacho, nguo tuvaazo, kazi tufanyayo, lugha ya kambini, heshima ya kitini, saa ya kuondoka na saa ya kufika: hizo ni fito. Zikunjwe. Mahindi ya Zambia yasipovuka, au bei ya unga ikipanda, changanya unga wa muhogo katika bukari wala usinune mezani. Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache, dereva aliyetukana mchana kutwa na dereva aliyekaa chini ya lori lake akipika chai waliondoka pale siku moja.

Lakini ukweli wa neno lako, haki ya mwenzio, malezi ya mtoto, uaminifu wa ndoa, uhai wa jirani: hizo ni nguzo. Zisikunjwe. Kwa hiyo, mjomba wa mwanafunzi wetu aliposema msemo wake katika foleni ya forodha, alisema vema. Aliposema juu ya mshahara uliochelewa, ulikuwa nusu ya jibu: atulie leo, lakini kesho aende kwa adabu akaulize fedha zake. Aliposema juu ya alama za mtoto wake, alikosea. Mtoto hakuomba baba atulie. Alihitaji baba aketi karibu naye afungue daftari.

Mwaka 1972 Serikali ya Zaire ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni. Wazazi wetu walipinda fito: ofisini waliandikisha jina la mababu, jina jema ambalo hakuna sababu ya kulionea haya. Nyumbani na mbele ya altare walimwita mtoto kwa jina la ubatizo wake. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika siku za mapumziko. Mtu alikwenda kazini kama siku nyingine, na alipotoka kazini akaiadhimisha Noeli yake. Hawakupigana barabarani. Hawakusahau vilevile. Miaka ikapita; amri zile zimekwenda, na majina yapo.

*

Sasa nataka kusema jambo ambalo wengine wangependa tulipite kimya. Lakini wanafunzi wengi wasomao ukurasa huu hawakuwa wamezaliwa, nao yafaa walijue.

Wakasai walikuwa wamekuja Katanga tangu siku za wakoloni kwa kazi ya migodi na reli. Watoto wao walizaliwa hapa, wajukuu pia. Walikuwa walimu, makarani, mafundi, majirani, wakwe. Mwaka 1992, katika fitina za siasa, lilitoka neno kwamba wao ni wageni na waondoke. Likasemwa mikutanoni, likaimbwa na vijana, likarudiwa sokoni. Huo ulikuwa mkondo, tena mkondo wenye nguvu. Likasi katika mwaka 1992, na Kolwezi katika mwaka 1993, watu maelfu na maelfu walifukuzwa nyumbani kwao. Walijazana stesheni wakilala juu ya mizigo yao, wakingoja kwa majuma na miezi treni za kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa stesheni na njiani, na hasa watoto.

Waliofanya hayo walikuwa watu gani? Wachache walikuwa watu wa chuki ya kweli. Wengi zaidi, nasema kwa masikitiko, walikuwa watu wa kawaida waliofuata. Huyu aliingia katika nyumba ya jirani aliyefukuzwa, kwa kuwa kama si yeye angeingia mwingine. Yule alifunga dirisha asione. Wa tatu aliacha kumsalimu mwenzake wa kazi, kwa kuwa wote wameacha. Kila mmoja angaliweza kuusema msemo ule wa Kiingereza, nao ungalifaa kabisa.

Lakini walikuwako wengine. Walimficha jirani katika chumba cha nyuma, wakatunza funguo na masufuria ya aliyeondoka, wakapeleka maji na uji stesheni ingawa walitukanwa. Hao hawakuwa watu wakali. Pengine siku nyingine zote walikuwa wapole kuliko wengine, watu wasiogombana na mtu. Walipofikiwa na jambo la nguzo, walisimama.

Mtu wa namna hiyo simwoni kwa mara ya kwanza katika habari za dunia. Katika karne ya 4, Mtakatifu Monika alitoka Afrika ya Kaskazini kumfuata mwanawe Augustino mjini Milano, Italia. Akakuta kwamba watu wa Milano hawafungi siku ya Jumamosi kama wafungavyo watu wa Roma, na moyo wake ukafadhaika: afuate desturi ipi? Augustino akamwendea askofu wa mji, Ambrosi. Jibu la askofu lilikuwa jepesi: mimi nikiwa Roma hufunga Jumamosi, nikiwa hapa sifungi, nawe fuata desturi ya kanisa la mahali ulipo. Kutokana na jibu hilo, wasema wataalamu, ulizaliwa ule msemo wa Wazungu kwamba ukiwa Roma ufanye kama Waroma. Wamwona askofu huyo? Juu ya siku ya kufunga alikuwa laini kama fito.

Basi mwaka 390 Kaisari Teodosi, mtawala mkubwa kuliko wote wa wakati ule, aliwakasirikia watu wa Tesalonike, na kwa amri yake askari wakawaua watu wengi wasio na hatia. Ulimwengu wote ulinyamaza, maana ni nani awezaye kumkemea Kaisari? Ambrosi yule yule, mtu mwepesi wa Jumamosi, akamwandikia kwamba hataadhimisha Misa mbele yake mpaka atubu. Kaisari akatubu hadharani, mbele ya watu.

Mtu mmoja, moyo mmoja. Wala si ajabu. Asiyetumia nguvu zake kugombania vitu vidogo huwa nazo bado siku ya jambo kubwa. Bali mwenye kugombania kila kitu, kiti chake, zamu yake, chumvi ya mboga, siku hiyo humkuta amekwisha kuchoka.

*

Tumalize kwa kurudi mtoni, maana msemo ule umetoka huko, na sisi tuna mto wetu.

Mto Lubumbashi, huu tunaouvuka bila kuutazama, waingia katika Kafubu. Kafubu waenda mashariki mpaka Luapula. Luapula waenda kaskazini ukaingia katika ziwa Mweru. Hutoka ziwani kwa jina la Luvua, ukakutana na Lualaba pale Ankoro. Kutoka hapo maji huenda Kisangani, Mbandaka, Kinshasa, yakaporomoka mpaka Matadi, mwishowe yakafika bahari ya Atlantiki. Tazameni ramani: bahari hiyo iko magharibi yetu, lakini maji yetu huanza safari kwa kwenda mashariki. Huzunguka milima, hulala ziwani, hubadili jina mara nyingi kuliko mji wetu. Maji hayashindani na jiwe, hulipita kando. Nani mwepesi kama maji?

Lakini nendeni Kasumbalesa siku ya mvua. Mpaka wa pale umefuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Tone likianguka upande huu, litakwenda mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Likianguka hatua chache upande ule, litakwenda Kafue, kisha Zambezi, mpaka bahari ya Hindi kule Msumbiji. Matone hayo mawili yametoka katika wingu moja, yote mawili yatafuata mkondo kwa utii ule ule, nayo hayataonana tena. Jambo lililoamua safari yao si mkondo. Ni upande walioangukia.

Tone halichagui upande wake. Mtu huchagua.

Kwa hiyo, wazazi, mchagulieni mtoto upande wake mapema, angali mbichi: kusema kweli, kutochukua cha mtu, kumwona jirani kuwa mtu. Hayo yakisha kusimama, msimkazie mno mengine. Mwacheni ajifunze kucheka foleni inapokuwa ndefu na kula bukari ya muhogo bila kununa. Nanyi wanafunzi, neno lolote zuri mtakalolisikia, la Kiingereza au la Kifaransa, lipokeeni, lakini kabla ya kulifuata jiulizeni kwanza: mkondo huu wanipeleka bahari gani?

Mwalimu wenu